Neno "Lazima" Katika Sheria

Wanafunzi wa uraia huandika katika madaftari yao ya kuwa Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, na mahakama huamua kesi. Ni kweli, lakini ni mifupa isiyo na nyama. Mwenye kutaka kujua jinsi sheria ipatavyo umbo lake, na aifuate sheria moja tu, tangu kuandikwa kwake hata ifike mikononi mwa majaji. Hapa Uganda tunayo moja ifaayo sana kwa kazi hiyo, nayo ni ile ya adhabu ya kuua mtu.

Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1950, zamani za utawala wa Waingereza. Ilisema ya kuwa mtu akionekana na hatia ya kuua kwa kukusudia, atahukumiwa kufa. Haikusema "aweza kuhukumiwa"; ilikuwa lazima. Basi, jaji akiisha kuiona hatia, hakuwa na la kuchagua. Awe mwuaji ni jambazi aliyevizia watu njiani, au ni mtu aliyeteswa nyumbani miaka mingi hata uvumilivu ukamwishia, hukumu ilikuwa moja. Uhuru ukaja mwaka 1962, katiba zikabadilishwa mwaka 1966 na 1967, na lazima ile ikabaki mahali pake.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 1995. Kifungu cha 2 chasema ya kuwa Katiba ndiyo sheria kuu, na sheria yo yote ikipingana nayo itakuwa batili kwa kadiri ya kupingana kwake. Maneno hayo ya "kwa kadiri" wengi huyaruka, nayo ndiyo yenye kazi kubwa. Mahakama yaweza kukata tawi moja lililooza, mti wenyewe ukabaki umesimama.

Nani apeleke shauri kama hilo? Kifungu cha 137 chamruhusu mtu ye yote kwenda Mahakama ya Katiba, hata mfungwa. Mwaka 2003 wafungwa waliokuwa wamehukumiwa kufa walipeleka ombi lao. Jina la kwanza lilikuwa la Susan Kigula, na nyuma yake walikuwa wengine 417.

Kwanza waliomba adhabu ya kifo yenyewe ifutwe, kwa kuwa Kifungu cha 24 chakataza adhabu za kikatili. Hapo walishindwa. Kifungu cha 22 cha Katiba hiyo hiyo chakubali mtu kuondolewa uhai kwa hukumu iliyotolewa baada ya kesi ya haki na kuthibitishwa na mahakama ya mwisho ya rufani. Majaji wakaona ya kuwa kilichoruhusiwa katika kifungu kimoja hakiwezi kuwa kimekatazwa katika kingine. Waweza kuichukia adhabu hiyo, nami siipendi, lakini jaji huisoma Katiba iliyopo, wala si ile anayoitamani.

Juu ya "lazima" walishinda. Adhabu nayo ni sehemu ya kesi. Sheria ikimzuia jaji asimsikilize mtu juu ya adhabu yake, kesi imekatwa katikati, na Bunge limeingia katika kazi ya mahakama. Mahakama ya Katiba iliamua hivyo mwaka 2005. Serikali ikakata rufani. Tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi ule. Ikakubali pia ya kuwa mtu aliyengoja kamba zaidi ya miaka 3 baada ya rufani yake ya mwisho kukataliwa, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Kigula alisikilizwa upya, akapewa miaka 20, akatoka gerezani mwaka 2016. Akiwa humo ndani alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London!

Angalieni basi: Bunge halikusoma mswada wo wote siku ile, wala majaji hawakuandika kifungu kipya. Maneno yaliyochapwa yalikuwa yale yale, nguvu yake ikabadilika. Asomaye kifungu bila hukumu zilizokifasiri amesoma nusu.

Hukumu ya nchi moja haizifungi mahakama za nchi nyingine, ila majaji husomana. Malawi ilikuwa imekwisha kuikataa lazima hiyo mwaka 2007. Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaikataa mwaka 2010, na Mahakama ya Juu ya huko mwaka 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua vivyo hivyo juu ya sheria ya Tanzania. (Wanafunzi wa zamani walio mawakili watanisamehe kwa kupita mbio.)

Je, Bunge letu laweza kuirudisha lazima ile? Kwa sheria ya kawaida haliwezi. Kifungu cha 44 chasema haki ya kusikilizwa kwa haki haipunguzwi kamwe, na kukibadili kifungu hicho, kura za theluthi mbili ya wabunge wote hazitoshi. Yataka wananchi wenyewe waulizwe kwa kura.