SOMO: KULISOMA KABURI LA MAWE



Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa letu la Mkunazini. Lakini ukivuka bahari mpaka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, utakuta makaburi yaliyotangulia kwa karne kadhaa jiwe letu la msingi, lililowekwa siku ya Krismasi 1873. Ni ya Waislamu wa pwani, na yamejengwa kwa jiwe lilelile la kanisa letu: matumbawe.

Mwangalieni fundi. Jiwe la ukutani alilichimba nchi kavu, gumu na lenye matundu. La kuchonga alilikata baharini, kwenye mwamba ulio hai, kwa sababu tumbawe bichi ni laini. Likichongwa mapema kisha likakauka, huwa gumu. Juu yake akapaka chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo. Baadhi ya makaburi yalisimamishiwa nguzo, ikapachikwa vibakuli vya kauri kutoka China. Leo vibakuli havipo. Vishimo vyake vya mviringo ndivyo vinavyotusimulia.

Makaburi yenye tarehe ni adimu. Huko Gede, karibu na Malindi, liko moja lililochorwa kwenye lipu mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kwa mstari huo mmoja wataalamu walipata kipimo cha kukadiria umri wa makaburi mengine. Lau mtu mwema angalilipiga lipu mpya!

Mtu mwema wa namna hiyo nilikuwa mimi. Kaburi la babu yangu mzaa mama lilikuwa na jina na mwaka, vimechorwa kwenye chokaa. Nikaliona limechakaa, nikamwagiza fundi alipige saruji lipendeze kwa Siku ya Marehemu Wote. Saruji haipumui, unyevu na chumvi hufungiwa ndani ya jiwe. Baada ya masika machache ilibanduka vipande vizima, na maandishi yakatoka pamoja nayo. Mama alikuja, akatazama, hakusema neno. Ule mwaka hakuna tena nyumbani anayeujua, na mimi ndiye niliyefundisha historia miaka yote ile.

Basi wenye makaburi ya zamani, kabla ya kumwita fundi nakilini maandishi yote katika daftari, herufi kwa herufi, hata yasiyosomeka vizuri. Na mwambieni atumie chokaa.