Gitaa la Kwaya Isafiriyo: Tuchague Amplifaya Ipi na Pedali Zipi?



Mara nyingi vijana wa kwaya zetu huku Mikumi na Kilosa hutujia na swali moja: "Baba Mchungaji, fedha zimepatikana. Sasa tununue amplifaya ipi?" Swali hili laonekana kuwa dogo, lakini tumeona kwaya moja ikikaribia kugawanyika kwa ajili yake. Wengine walitaka amplifaya ya valvu, kwa kuwa wamesikia sifa zake. Wengine walitaka ya transista, kwa kuwa yabebeka. Fedha zenyewe zilitoka katika mahindi na ufuta wa Wakristo wenzao. Hazikutosha kununua zote mbili, wala hazikutosha kukosea na kununua tena. Kwa hiyo tumeona yafaa kuliandikia jambo hili somo, ili mwenye kuchagua achague kwa kujua.

1. Kwanza tuijue kazi ya gitaa

Mtu asiyeijua kazi hawezi kuchagua chombo. Basi, gitaa la kwaya lina kazi gani?

Mkoa wetu wa Morogoro una sifa ya magitaa tangu zamani. Bendi ya Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alipiga gitaa la solo katika bendi hiyo, kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akajulikana Afrika Mashariki yote mpaka alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Zile zilikuwa bendi za dansi, wala hatuzitaji ili kuwaita watu dansini. Lakini ustadi ni ustadi. Asikilizaye santuri zao husikia kwamba kila gitaa lina njia yake. Solo lasema, rithimu laitikia, besi lashika chini, wala hakuna limfunikalo mwenziwe. Sauti ni safi kama maji ya kijito.

Kwaya zetu zimeurithi upigaji wa namna hii. Nazo zina neno moja zaidi: zaimba maneno ambayo watu yawapasa kuyasikia na kuyafahamu. Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza ni hiki: sauti safi, isiyofunika maneno.

2. Amplifaya mbili zenyewe

Kwaya ile ilikuwa na majina mawili mbele yake. La kwanza ni Fender Deluxe Reverb, ya Marekani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Ina spika moja ya inchi 12, nguvu yake ni wati 22, na uzito wake ni karibu kilo 19. Ndani yake mna valvu 9, yaani vile vioo vya mfano wa taa vilivyokuwamo katika redio za wazee wetu. Sauti yake ni tamu, nayo ikisukumwa sana huanza kukwaruza kwa namna wapendayo wapigaji wengi.

Ya pili ni Roland JC-40, ya Wajapani, iliyotoka mwaka 2015. Ni mdogo wake JC-120 ya mwaka 1975. Ina spika mbili za inchi 10, wati 40, na uzito wa kilo 16 hivi. Haina valvu, hutumia transista. Sauti yake hukaa safi hata ikiongezwa. Tena ndani yake mna korasi, yaani ufundi wa kuifanya sauti moja isikike kama ya magitaa mawili yaendayo pamoja.

Vijana wakasema, "Wati 40 ni karibu mara mbili ya 22, basi ya pili ina sauti mara mbili." Sivyo. Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, nalo ni ongezeko dogo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, yahitajiwa nguvu karibu mara kumi. Tena spika hazilingani. Spika njema hutoa sauti kubwa kwa wati chache. Kwa hiyo mtu asinunue kwa kutazama wati peke yake.

3. Safari na umeme

Sasa tuzitazame njia zetu. Kwaya ya Mikumi haikai mahali pamoja. Leo yaalikwa Kilosa, nayo yapita Zombo na Ulaya. Kesho yaenda Kidatu. Siku nyingine yashika barabara kuu ya Morogoro, ipitayo ndani ya Hifadhi ya Mikumi kilometa 50. Chombo hupakiwa nyuma ya gari pamoja na ngoma, viti na watu. Vumbi huingia, na mashimo hukitikisa.

Valvu ni kioo, nazo huwa moto sana zikifanya kazi. Zikipakiwa kabla ya kupoa, kisha zikatikiswa, huharibika upesi. Valvu huchoka kwa kutumiwa, na kupata nyingine huku kwetu si rahisi. Tena amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika yake kuunganishwa, maana transfoma yake yaweza kuungua. Transista nazo huharibika, wala tusidanganyane. Lakini hustahimili safari zaidi.

Kuhusu umeme, maji ya Ruaha Mkuu yamezungusha mitambo ya Kidatu tangu mwaka 1975, wala si mbali nasi. Hata hivyo si kila mahali tuhubiripo pana waya. Mara nyingi twategemea jenereta ndogo, nayo nguvu yake hupanda na kushuka. Yafaa kuweka chombo cha kusawazisha umeme katikati.

Neno kubwa kuliko hayo: soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 230, nao wa Marekani ni volti 120. Sisi wenyewe tuliwahi kuwamo katika ibada ambayo amplifaya ya zawadi ilichomekwa ukutani bila mtu kusoma. Kabla ya wimbo wa kwanza kwisha, moshi ulitoka, na zawadi ile haikulia tena. Maandishi yalikuwapo, nasi tuliokuwapo twajua kusoma. Ni macho tu hayakutumika.

4. Pedali

Vijana waliandika pedali nne: ya kukwaruza, ya korasi, ya mwangwi, na ya kuaa-uaa. Tukawauliza, "Ni nyimbo ngapi za kwaya yenu zahitaji mkwaruzo?" Wakafikiri, wakajibu, "Mmoja."

Kila pedali ni betri moja zaidi, na waya mmoja zaidi, na mahali pamoja zaidi pa kuharibika watu wakiwa wamekwisha kusimama kuimba. Ya lazima ni ile ionyeshayo kama nyuzi zimelingana, maana gitaa lisilolingana haliponywi na mashine yoyote, na joto la bondeni huzilegeza nyuzi. Ya pili yaweza kuwa ya mwangwi, kwa kiasi kidogo. Korasi haihitajiwi kwa mwenye Roland, kwa kuwa imo ndani. Hakika pedali ya Boss CE-1 ya mwaka 1976 ilitokana na ufundi uleule wa JC-120. Mwenye Fender ndiye atakayehitaji kuinunua.

Katika kuzipanga, gitaa liingie kwanza katika pedali ya kulinganisha nyuzi, kisha ya mkwaruzo kama ipo, kisha korasi, na mwangwi uwe wa mwisho. Nyimbo zikiisha, chomoa waya uingiao katika pedali. Usipochomoa, betri itaisha usiku ungali umelala.

5. Hatari ya mauti

Plagi ya miguu mitatu isikatwe mguu mmoja ili iingie katika tundu la miwili. Mguu ule wa tatu ni wa kuupeleka umeme ardhini. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey aligusa maikrofoni mbele ya watu mjini Swansea, Uingereza, akafa kwa umeme, kwa sababu vyombo havikuunganishwa na ardhi ipasavyo. Mwimbaji ashikaye nyuzi kwa mkono na kuikaribia maikrofoni kwa midomo yumo katika hatari hiyohiyo. Wainjilisti, jambo hili lisimamieni ninyi wenyewe.

6. Walivyoamua

Kwaya ile iliazima amplifaya zote mbili mjini Morogoro kwa siku mbili. Tukamweka bibi mmoja mzee katika kiti cha nyuma, tukamwomba atuambie maneno ayasikiayo. Kwa ya kwanza akasema, "Nasikia gitaa tu." Kwa ya pili akasema vilevile. Vijana wakafadhaika.

Ndipo tukaona kosa. Amplifaya ilikuwa sakafuni, ikipigia magoti ya mpigaji, naye kwa kutojisikia alizidi kuiongeza. Tukaiinua juu ya benchi, tukaielekeza masikioni mwake. Naye mwenyewe akaipunguza. Bibi akayarudia maneno ya ubeti mzima. Tukaijaribu na ile nyingine vivyo hivyo, akayasikia pia.

Basi sauti haikuwahukumu. Zote mbili zilifaa. Safari ndiyo iliyohukumu. Wakanunua ya transista na pedali mbili, na fedha zilizobaki zikanunua nyuzi, waya za akiba, na turubai la kufunikia. Aliyetetea valvu kwa nguvu ndiye aliyekabidhiwa kukitunza chombo, nao ugomvi ukaisha. Kama ingekuwa kwaya ikaayo katika kanisa moja lenye umeme mzuri na fundi wa karibu, tungewaambia wachukue ya valvu bila hofu.

Yule ajengaye mnara katika Luka 14 alihesabu kabla ya kuanza. Nasi tuhesabu: si bei tu, bali barabara, umeme, na sikio la yule aketiye nyuma.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwaya yetu husafiri mara ngapi kwa mwaka, na kwa njia gani?
2. Nani katika kwaya yetu ajuaye kusoma volti nyuma ya chombo?
3. Je, aketiye kiti cha nyuma kanisani kwetu husikia maneno ya wimbo? Nani amemwuliza?