Mji Uliosimama Juu ya Tope: Maswali na Majibu Kuhusu Amsterdam ya Kale

Wanaoniuliza kuhusu Amsterdam wengi wao huanzia kwa Rembrandt na Van Gogh, na foleni za tiketi zao. Safari hii nimechambua maswali ya wale wanaotaka kujua mji wenyewe ulitoka wapi, na ni makumbusho gani yanayousimulia vizuri. Upande wangu niuseme mapema: mwanzo wa Amsterdam hauko katika kumbi kubwa. Uko kwenye vyoo vya zamani, darini kwa watu, na kwenye ngazi za kituo kimoja cha metro.

Mwalimu, shikamoo. Ile mifereji ilichimbwa ili mji upendeze, au ilikuwa na kazi nyingine?

Marahaba. Ilikuwa na kazi, tena ya kufa na kupona. Miaka elfu moja iliyopita pale palikuwa kinamasi kitupu: ardhi nyeusi ya mimea iliyooza na kurundikana majini, laini kama sifongo. Wakulima walioingia humo walichimba mitaro ili waikaushe wapande nafaka. Ikakauka kweli, lakini udongo wa aina hiyo ukishakauka hunywea, na ardhi yote hushuka. Kadiri walivyozidi kukausha ndivyo mashamba yalivyozidi kuwa chini. Mwaka 1170, kwenye sikukuu ya Watakatifu Wote, dhoruba kubwa ilisukuma bahari ndani ya nchi, na tangu hapo watu wa mto Amstel walikuwa na mawili tu: wajenge matuta au wahame.

Wakajenga. Katikati ya karne ya 13 wakauziba mto karibu na mdomo wake, wakaacha malango ya kutolea maji. Jambo ambalo huenda hawakulipigia hesabu ni kwamba jahazi kubwa la baharini halikuweza tena kupanda mtoni. Shehena ilishushwa upande mmoja wa kizuizi ikapakiwa upande wa pili, na penye kushusha na kupakia hapakosi mapagazi, maghala, wauza pombe na watoza ushuru. Uwanja wa Dam, wanapopigia picha watalii wote, ndipo kizuizi hicho kilipokuwa.

Mifereji ya mwanzo basi ilikuwa mitaro ya maji na mahandaki ya ulinzi. Singel, kwa mfano, ulikuwa handaki nje ya ukuta wa mji. Ile mitatu ya kwenye kadi za posta, yaani Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa 1613, mji ukiwa umeshatimiza zaidi ya miaka 300. UNESCO iliuweka mtandao huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, na tangu hapo ukisema mifereji ya Amsterdam kila mtu anaifikiria hiyo tu.

Mwaka 2025 walisherehekea miaka 750. Nani aliandika siku ya kuzaliwa?

Hakuna. Tarehe 27 Oktoba 1275, Floris wa Tano, mtawala wa Holland, aliwaondolea ushuru watu waliokaa penye kizuizi cha Amstel wanapopita na bidhaa zao katika nchi yake. Hati hiyo ndiyo ya kwanza kuyataja makazi yale. Kwa hiyo kinachosherehekewa ni msamaha wa ushuru, sababu ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo hatahitaji kuelezwa. Mwaka 1323 mambo yakageuka: mji ukafanywa mahali pa kutozea ushuru bia iliyoletwa kutoka Hamburg, na hapo pesa ikaanza kuonekana.

Hati yenyewe inatunzwa na Nyaraka za Mji, katika jengo la De Bazel mtaa wa Vijzelstraat, lililojengwa kuwa makao ya kampuni ya biashara na benki. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, hati za thamani za mji zilifungiwa katika chumba chenye mlango wa chuma ndani ya kanisa la Oude Kerk.

Nimezunguka siku nzima nikaona nyumba za miaka ya 1600 kwenda mbele. Za kabla ya hapo ziko wapi?

Ziliungua. Mji wa kwanza ulikuwa wa mbao na mapaa ya nyasi. Moto wa 1421 uliuharibu vibaya, na ule wa 1452 ukala kama robo tatu ya mji. Baada ya hapo halmashauri ikaanza kubana ujenzi wa mbao, matofali yakachukua nafasi. Nyumba za mbao zinazotajwa siku zote ni mbili tu, zote za karne ya 16: moja ndani ya ua wa Begijnhof, nyingine Zeedijk namba 1. Oude Kerk lenyewe ni la zamani zaidi. Liliwekwa wakfu 1306 kwa Mtakatifu Nikolasi, msimamizi wa mabaharia, na sakafu yake yote ni mawe ya makaburi; Saskia, mke wa Rembrandt, amezikwa humo.

Anayetaka kuuona mji wa kale kwa macho atafute mchoro wa Cornelis Anthonisz wa 1538, ulio mali ya Makumbusho ya Amsterdam. Mchoraji ameuangalia mji kutoka angani, kama ndege anayeingia kutoka upande wa bandari, hivyo kusini iko juu na kaskazini chini. Usiutazame kwa haraka. Kuna meli zimebanana mbele, kuta, malango, bustani za watawa nyuma ya nyumba, na nje ya ukuta malisho matupu, ambako baadaye ingepita mifereji ya kitajiri.

Nyumba hazizami?

Baadhi zinazama, ndiyo maana zimeegemeana. Zinasimama juu ya magogo yaliyopigwa wima kupita tope hadi kwenye mchanga mgumu, kama mita 12 chini. Jumba la mji lililoanza kujengwa 1648, ambalo leo ni kasri la kifalme pale Dam, lina magogo 13,659. Watoto wa shule hufundishwa kuikumbuka idadi hiyo hivi: chukua siku za mwaka, weka 1 mbele na 9 nyuma. Mti uliozama majini daima hauozi. Maji yakishuka hewa ikaingia, unaoza. Kwa hiyo maji ya mifereji hayaachwi yajiendee. Yanapimwa na kushikiliwa kwenye kimo kile kile mwaka mzima.

Nasikia kuna makumbusho ndani ya kituo cha treni. Ni kweli?

Ni kweli, na kwangu hayo ndiyo ya kwanza. Walipochimba njia mpya ya metro kutoka kaskazini hadi kusini, mashine zilipita chini ya Damrak na Rokin, yaani kwenye kitanda cha zamani cha mto Amstel. Mto katikati ya mji ni jalala. Wanaakiolojia walitoa vitu kama 700,000, na njia ilipofunguliwa 2018, karibu 9,500 kati yake vilipangwa kwenye makabati ya vioo katikati ya ngazi za umeme za kituo cha Rokin. Funguo, dadu, visu, viko vya udongo, soli za viatu, hadi simu za mkononi. Vimepangwa kwa aina, si kwa thamani, na hapo ndipo ninapowapongeza waliopanga: kitu cha tajiri na cha mchukuzi vimelala pamoja. Nauli ya metro inatosha. Panda ngazi, shuka, panda tena; abiria wenye haraka watakukasirikia kidogo.

Vyoo navyo vimechangia. Mwaka 1997, kwenye shimo la choo la nyumba aliyoishi Rembrandt, mtaa wa Jodenbreestraat, vilikutwa vyungu viwili vyenye mabaki ya mchanganyiko wa kupaka turubai kabla ya kuchora. Nyumba hiyo ni makumbusho tangu 1911.

Makumbusho ya mji wenyewe yako wapi hasa? Kila mtu ananielekeza kwake.

Kwa sababu yamehamahama. Yalianza 1926 ndani ya Waag, lango la mji la karne ya 15 lililogeuzwa nyumba ya mizani. Mwaka 1975 yakahamia Kalverstraat, kwenye nyumba ya zamani ya watoto yatima. Mwaka 2022 jengo hilo likafungwa kwa ukarabati mkubwa wa miaka kadhaa, na maonyesho yakapelekwa kwenye jengo kando ya Amstel. Kabla ya kwenda, uliza yako wapi wakati huo.

Lakini hiyo nyumba ya yatima, hata ikiwa imefungwa, ina habari nyingi kuliko vilivyomo ndani yake. Kwanza ilikuwa nyumba ya watawa wa kike wa Mtakatifu Lusia. Mwaka 1578 Waprotestanti waliishika serikali ya mji, mali za watawa zikachukuliwa, na 1580 watoto yatima wakahamishiwa humo. Walivaa sare nusu nyekundu nusu nyeusi, rangi za mji, ili mtoto akionekana mahali pasipompasa kila mtu ajue katoka wapi. Lango la upande wa Kalverstraat ni la 1581, na juu yake wamechongwa yatima wenyewe. Ndani, kwenye ua wa wavulana, kulikuwa na vikabati vya mbao ukutani. Wavulana waliokuwa wakijifunza ufundi mjini waliweka humo vitu vyao. Watoto waliishi humo hadi 1960.

Sasa neno ambalo waongoza watalii hulipita haraka: hao walikuwa yatima wa raia kamili, watu waliokuwa na haki za mji. Yatima wa mafukara na watoto waliotupwa walikuwa na nyumba yao nyingine, kwenye Prinsengracht, iliyofunguliwa karne ya 17, iliyojaa kupita kiasi, na hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Hiyo haikugeuzwa makumbusho.

Wakatoliki walinyang'anywa makanisa, wakasali wapi?

Darini. Jan Hartman, mfanyabiashara Mkatoliki, alinunua nyumba ya mferejini mwaka 1661 pamoja na nyumba mbili ndogo za nyuma yake, na kufikia 1663 alikuwa ameunganisha orofa zao za juu kuwa kanisa moja. Kutoka barabarani huoni kitu. Unaingia sebuleni, unapita jikoni, unapanda ngazi nyembamba, mara uko kanisani: madhabahu, roshani mbili za waumini zilizoning'inizwa kwa vyuma, na kinanda. Tazama nguzo ya madhabahu upande wa kushoto. Inafunguka, na mimbari inavutwa kutoka ndani yake, kwa kuwa nafasi ya kuiweka daima haikuwapo.

Wengi huliita kanisa la siri. Si sahihi sana. Wakuu wa mji walijua. Sharti lilikuwa lisionekane wala lisisikike barabarani. Ni uvumilivu wa namna yake, wa kumwacha jirani aabudu mradi asikutie aibu, na sioni kwa nini usifiwe kuliko unavyostahili. Kanisa jipya la Mtakatifu Nikolasi lilipofunguliwa 1887, hili halikuwa na kazi tena. Kikundi cha Wakatoliki kililinunua lisivunjwe, na 1888 likafunguliwa kuwa makumbusho. Linaitwa Ons' Lieve Heer op Solder. Katika mji huo ni Rijksmuseum pekee lililo kongwe kuliko hilo.

Utajiri ule ulitoka pia kwa watumwa. Makumbusho yanasema?

Siku hizi yanasema, zamani yalinong'ona. Mwaka 2019 Makumbusho ya Amsterdam yaliacha kuiita karne ya 17 "Karne ya Dhahabu", na kelele zikapigwa nchi nzima. Mji wenyewe ulikuwa na hisa ya theluthi moja katika kampuni iliyomiliki koloni la Suriname tangu 1683, na tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji. Nenda Makumbusho ya Van Loon, nyumba ya 1672 kwenye Keizersgracht. Willem van Loon alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa VOC, Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, mwaka 1602, na nyumba hiyo imewahi kufanya maonyesho mazima kuhusu mafungamano ya ukoo huo na Suriname. Kwa Rembrandt nako, mwaka 2020 walionyesha kwamba watu weusi huru, mabaharia na watumishi, waliishi mtaa ule ule na yeye.

Msomaji wa pwani yetu aongeze hili. Kati ya 1776 na 1778 meli za VOC zilitoka Rasi ya Tumaini Jema zikafika Unguja kununua watumwa. Amsterdam ndiyo iliyokuwa na tawi kubwa kuliko yote la kampuni hiyo. Bado sijaona nyumba ya mferejini inayoitaja Unguja, na wanaokwenda huko waliulizie jambo hilo kwenye meza ya mapokezi.

Nitakuwa na saa saba Schiphol nikitoka Nairobi. Nifanye nini?

Kwanza, hakikisha una visa ya Schengen. Pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania bila hiyo haikutoi uwanjani. Ukiwa nayo, treni hadi stesheni kuu ni kama robo saa. Tembea kwanza hadi kanisa la darini, halafu Oude Kerk, lililo hatua chache kutoka hapo. Kisha vuka Dam hadi Begijnhof uione nyumba ya mbao, na urudi na metro kutoka Rokin, kituo kimoja tu hadi stesheni kuu. Begi kubwa liache uwanjani. Ngazi za kwa Hartman hazimpendi mtu mwenye mzigo.