Je, Fort Jesus Kuna Mizimu?

Huko Uingereza kuna majumba ya kale, mathalan kasri la Chillingham, ambako watu hulipa pesa nyingi ili wakeshe humo usiku kucha wakiwinda mizimu. Hubeba kurunzi, vinasa sauti na vipimajoto, kisha hukaa gizani wakingoja. Katika chama chetu cha Kiswahili limezuka pendekezo kwamba nasi tuombe ruhusa tukeshe katika Ngome ya Yesu, ambayo kila mtu hapa Mombasa huiita Fort Jesus. Sisi wa Kisauni tukisimama ufuoni huiona ng'ambo ya pili, wala si mbali. Baadhi ya wenzetu walipiga makofi. Wengine wakasema, "Mie siendi hata mkinipa nini!" Wakaitwa waoga.

Makala haya ni mchango wangu katika mjadala huo. Sikusudii kumcheka anayeogopa wala kumsifu anayejitia ushujaa. Nataka tujifunze mambo matatu: tunamwinda nani, tutajuaje tukimpata, na ni akina nani hasa waliokufa mle ndani.

1. TUNAMWINDA NANI?

Mwindaji haingii mwituni bila kujua kama anafuata paa au nguruwe. Kiswahili ni lugha tajiri katika jambo hili, lakini sisi wanafunzi huyachanganya maneno yake ovyo. Hebu tuyapange.

(a) Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, hasa mzee wa ukoo. Jirani zetu Wagiriama huziita roho za wazee koma, na wazee waliokuwa wanachama wa Gohu huchongewa vigango ili wakumbukwe.

(b) Jini si mtu aliyekufa. Katika mafundisho ya Kiislamu ni kiumbe kingine kabisa, kilichoumbwa kwa moto.

(c) Pepo ni yule anayempanda mtu. Ndiyo maana husemwa "kupunga pepo", na shughuli hiyo huwa na ngoma zake.

(d) Mzuka unatokana na kitenzi "zuka". Ni kitu kinachotokea ghafla kisha kikatoweka.

(e) Jinamizi ni lile linalomkandamiza mtu usingizini hata akashindwa kupiga kelele.

Ukiitazama orodha hii vizuri utaona kwamba mwenye kwenda ngomeni kutafuta wafu anatafuta mzimu, si jini wala pepo. Na hapo pana tatizo. Kwa desturi za wazee wetu mzimu hauwindwi kwa kurunzi. Mzimu ni wa jamaa, na jamaa ndio wanaoukumbuka. Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Je, waliofia Fort Jesus wanajuana na nani miongoni mwetu? Swali hili nitalirudia.

2. TUTAJUAJE TUKIUPATA?

Tuseme tumepewa ruhusa, na saa nane za usiku mwenzetu akapiga ukelele, "Nimesikia kitu!" Kabla hatujatimua mbio, tujiulize ni kitu gani kinachoweza kutoa sauti mle. Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, kando ya mlango wa bahari. Maji yakijaa hupiga mwamba. Upepo hupita katika milango na vichochoro. Popo nao wana zamu yao, na zamu yenyewe ni ya usiku. Aidha kuta nene za mawe hukawia kupata joto na hukawia kupoa, hivyo ukitoka sehemu moja kuingia nyingine unaweza kuhisi baridi ya ghafla hata kama hakuna aliyekupitia.

Mwaka 1998 mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, alichapisha habari za maabara moja ambamo wafanyakazi walihisi baridi na huzuni. Yeye mwenyewe aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake. Alipochunguza aligundua feni iliyokuwa ikitikisa hewa kama mara 19 kwa sekunde. Sikio la binadamu kwa kawaida huanza kusikia mara 20, kwa hiyo hawakuisikia, lakini miili yao iliihisi. Feni ilipotengenezwa, umbo halikuonekana tena.

Jinamizi nalo lina maelezo yake. Mtu anapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili. Akili ikiamka kabla ya mwili kufunguliwa, mtu hujikuta macho wazi, hawezi kuinua hata kidole, na mara nyingi huona kama kuna mtu chumbani. Atakayelala ngomeni akiwa na hofu na uchovu, basi ajitayarishe kwa hilo.

Tena hofu huambukizana. Mwaka 1995 huko Pemba na Unguja watu wengi walilala nje kwa makundi, wakikoka moto, kwa kumwogopa Popobawa. Kila simulizi ilizaa nyingine. Kwa hiyo nashauri tujigawe makundi mawili: moja lielezwe ni wapi panaposemekana kuwa na mzimu, jingine lisielezwe. Kila mtu aandike peke yake alichosikia na saa aliyosikia, bila kunong'onezana. Asubuhi ndipo tulinganishe. Wasioambiwa kitu wakitaja mahali palepale, hapo tutakuwa na jambo la kuzungumza.

3. NI AKINA NANI WALIOKUFA MLE?

Hapa ndipo penye uzito. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliwageuka Wareno, akamwua kapteni na kuiteka ngome. Kisha, tarehe 13 Machi 1696, majeshi ya Oman yakaizingira.

Tunaposimuliana habari za mizimu ya Fort Jesus, siku zote mzimu ni askari Mreno mwenye upanga. Lakini ndani ya ngome walikuwamo pia watu wa pwani hii, wake kwa waume, waliokimbilia humo. Tauni iliingia. Kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni Mreno naye alikuwa amekufa. Ngome ikabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio waliolinda kuta mpaka msaada ulipofika mwezi wa Septemba. Waomani waliiteka ngome tarehe 13 Desemba 1698, wakakuta kapteni, askari tisa na padri mmoja tu.

Wanawake 50! Fikiria, ndugu msomaji. Hakuna hata mmoja wao anayeota katika hadithi zetu za kutisha. Baadaye, tangu 1895 hadi 1958, Waingereza waliifanya ngome kuwa jela. Huenda babu wa mmoja wetu, wa Likoni au Changamwe, alilala mle bila kupenda. Yeye naye hatumtaji.

Sasa nalirudia swali langu. Wanajuana na nani? Wanajuana nasi, ila sisi ndio tusiowajua.

MAONI YANGU

Naunga mkono safari, kwa masharti mawili. Kwanza, asiyetaka kukesha kwa sababu ya dini yake, wazazi wake au moyo wake, aachwe na asitaniwe. Pili, kabla ya kuzima taa, kila mmoja asome kwa sauti habari za mtu au kundi moja lililokaa mle. Tukisikia kitu baada ya hapo, na tusikie. Tusiposikia, hatutakuwa tumepoteza usiku wetu.

MASWALI YA MJADALA

1. Tofautisha mzimu, jini na mzuka kwa kutunga sentensi.
2. Kwa nini ni lazima kundi moja lisiambiwe kitu?
3. Andika insha: "Mimi ni mmoja wa wanawake 50."