PANGA SAA KWANZA, KAMERA BAADAYE



Leo tunajifunza kupanga wakati. Mfano wetu ni kazi ya kutengeneza filamu. Pengine utauliza: sisi wakulima wa Bungu na filamu wapi na wapi? Siku hizi hata simu ya mkononi hupiga filamu. Kikundi cha wakulima kinaweza kutengeneza filamu fupi ya kufundisha wenzao. Tena, mara nyingine wapiga picha hutoka mjini wakaja kutuomba muda wetu. Muda huo ni mali.

Kazi hii si mpya nchini. Wakati wa ukoloni, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu fupi 35. Makao yao yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanga. Baadhi ya filamu hizo zilifundisha kilimo na afya. Siku zile picha zilipigwa kwenye mkanda. Mkanda wa futi 100 uliisha kwa dakika 3 au 4 tu, na ukishatumika haukurudiwa. Asiyepanga kazi alipoteza mkanda na fedha. Leo simu inafuta picha mbaya. Lakini saa iliyopotea hairudi.

Basi, tufanyeje?

Kwanza, andika hadithi vipande vipande. Tuseme tunataka filamu ya dakika 10 juu ya makopa:
1. Mama anatoka nyumbani asubuhi na jembe.
2. Anang'oa muhogo shambani.
3. Familia inamenya muhogo nyumbani.
4. Makopa yanapakiwa chomboni, bandari ya Nyamisati.
5. Jioni, mama na baba wanahesabu fedha nyumbani.

Pili, panga kwa mahali, siyo kwa hadithi. Kipande cha 1, cha 3 na cha 5 vyote ni vya nyumbani. Vipigwe siku moja. Mtazamaji hatajua, maana vipande huunganishwa baadaye. Lakini angalia nguo. Kipande cha 1 na cha 2 ni asubuhi ile ile ya hadithi. Mama avae kanga ile ile, hata kama vimepigwa siku mbili mbalimbali. Kanga ikibadilika njiani, watu watacheka.

Tatu, fuata jua, mvua na maji. Mwanga mzuri ni wa asubuhi na wa jioni. Jua la saa 6 mchana hutia kivuli machoni. Masika, Machi mpaka Mei, usipange kazi nyingi ya nje. Na huko Nyamisati, maji ya kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Leo yakijaa saa 3 asubuhi, keshokutwa yatajaa kama saa 4 na dakika 40. Muulize nahodha kabla hujaandika ratiba.

Nne, heshimu saa za watu. Hapa tunacho kisa. Katika kijiji kimoja cha upande wetu huu, wapiga picha kutoka mjini walibandika karatasi: "Tukutane 8:00." Asubuhi wao walifika, hawakuona mtu. Wakasema wanakijiji ni wavivu. Kumbe watu walisoma vizuri tu! Walikwenda kupalilia, wakaja saa 8 mchana kama karatasi ilivyosema. Walikuta gari linaondoka. Wengine walikuwa wamekatiza palizi bure. Kesho yake walikuja watu wawili tu. Nani alikosea? Siyo msomaji. Ni mwandishi, aliyeandika saa ya Kizungu bila kueleza. Ilitosha kuandika "saa 2 asubuhi".

Kwa hiyo ratiba yetu ya siku ya nyumbani tutaiandika hivi:

JUMAMOSI, NYUMBANI
Saa 12 asubuhi: Kukutana. Betri ziwe zimejazwa umeme tangu jana.
Saa 12 na nusu: Kipande cha 1.
Saa 2: Kipande cha 3.
Saa 4: Mapumziko. Watu waende kwenye shughuli zao.
Saa 10 jioni: Kipande cha 5.

Mbele ya kila kipande andika pia majina ya wanaotakiwa. Baba hahitajiki mpaka jioni. Basi asikalishwe barazani kutwa nzima, na korosho zake zinamngoja. Kama kuna malipo, mkubaliane kiasi kabla ya kuanza. Mwisho, kwa kila siku 3 za kazi weka siku 1 ya akiba. Mvua haisomi ratiba.

Ndugu msomaji, mpango huu unafaa hata kwa harusi au ujenzi wa darasa. Na ukiletewa karatasi yenye saa isiyoeleweka, usione haya. Uliza: asubuhi au mchana? Kujua kusoma ni pamoja na kuuliza.

MASWALI
1. Kwa nini kipande cha 1 na cha 5 vinapigwa siku moja?
2. Leo maji yamejaa saa 1 asubuhi. Kesho yatajaa kama saa ngapi?
3. Andika ratiba ya siku moja ya kikundi chako. Msomee jirani. Je, ameielewa?