Kisomo, kombe na dawa za hospitali: Imani inaponya nini?



Ndugu msomaji, nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Maposeni, Songea. Swali ambalo wanafunzi hawachoki kuniuliza ni hili: ikiwa Qur'an ni ponyo, kwa nini Waislamu tunapanga foleni hospitali ya Peramiho? Wapo wanaouliza kwa kejeli, lakini wengi huuliza kwa kuwa nyumbani kwao kuna mgonjwa. Hao haifai kuwajibu juu juu.

Tuanze na Samunge, Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitangaza kuwa ameoteshwa dawa. Kikombe shilingi 500, na sharti ukipokee kutoka mkononi mwake. Ukimwi, kisukari, pumu, shinikizo la damu, saratani, vyote vilitajwa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa kadhaa wakafia foleni, na viongozi wa serikali nao wakanywa. Waislamu nao walikwenda, tusidanganyane. Waliorudi wengi walisema wanajisikia wepesi, na mimi siamini kwamba wote walikuwa waongo. Lakini virusi vilibaki mwilini na sukari ilibaki kwenye damu, na walioacha dawa zao kwa sababu ya kikombe wakadhoofika.

Basi wepesi ule ulitoka wapi? Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Levine, Gordon na Fields, waliwapa wagonjwa waliong'olewa magego dawa ambayo ndani yake hamna dawa. Baadhi wakapata nafuu. Kisha wakapewa naloksoni, ambayo kazi yake ni kuzuia nguvu ya mofini, na maumivu yakawarudia. Maana yake ni kwamba mwili wenyewe ulikuwa umetoa kitu mfano wa mofini, kwa sababu tu mgonjwa ametarajia nafuu. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard alikwenda mbali zaidi. Wagonjwa 80 wenye maradhi ya tumbo wakagawanywa mafungu mawili, fungu moja wakapewa vidonge na kuambiwa wazi kuwa havina dawa. Katika waliomeza, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Wasiopewa kitu ni asilimia 35.

Subhanallah! Lakini tazama ni nini kilichopungua: maumivu, usumbufu wa tumbo. Mengine ya namna hiyo ni kichefuchefu, uchovu na wasiwasi. Kijidudu cha malaria hakijui kama unaamini au huamini.

Na sisi watu wa Ungoni ndio tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Mwaka 1905 maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yalifika huku. Imani ile iliwaunganisha watu ambao hawakuwa na jeshi moja wala mtawala mmoja, ikawapa moyo wa kuukabili utawala wa Wajerumani. Hiyo ni nguvu kubwa, na mwenye kuidharau haijui historia. Ila risasi hazikugeuka maji. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa pale Songea mjini, na kila mwaka tunawakumbuka. Imani ilifanya kazi ndani ya kifua cha mpiganaji, si ndani ya mtutu wa bunduki.

Je, dhikri nayo ni hivyo hivyo? Dhikri ni ibada kwanza, hatuifanyi kama kidonge. Sura ya 13, aya ya 28, inatufundisha kuwa nyoyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Allah. Utulivu huo una athari mwilini. Mwaka 2001 Bernardi wa Italia na wenzake waliwapima watu wazima 23 wakisoma rozari kwa Kilatini au maneno ya yoga. Pumzi zilishuka hadi takriban sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa mpangilio mzuri zaidi. (Hawakupima tasbihi yetu, ila mwenye kuvuta uradi taratibu baada ya Alfajiri anaijua pumzi hiyo.)

Tiba kwa kisomo ina asili. Abu Said al-Khudri (r.a.) anasimulia jinsi mkuu wa kabila aliyeumwa na nge alivyosomewa Al-Fatiha akapona, na Mtume (s.a.w.) hakukataza. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyewaamuru watu wajitibu, akafundisha kuwa kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa. Mwenye kusema ameacha vidonge kwa ajili ya tawakkul, hiyo tawakkul ameisoma wapi?

Wapo wanaojiita maustadhi wanaomwambia mgonjwa wa kisukari kwamba kombe la zafarani na sindano haviendi pamoja. Huyo hasomi rukya, anafanya biashara juu ya uhai wa mtu. Anayesoma kwa haki aanze kwa kumuuliza mgonjwa anatumia dawa gani na ameacha lini. Akijibu kuwa ameacha ARV au sindano, arudishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kisomo kifanyike njiani.