Somo kwa wamama: Permi inaweza kungoja, sindano ya mtoto haiwezi

Leo somo letu si juu ya uji, wala si juu ya maji ya kuchemsha. Tutaongea juu ya karatasi. Labda mtauliza: karatasi na ugonjwa vinakutana wapi? Vinakutana sana. Kila mara ugonjwa wa kuambukiza unapoingia katika inchi, karatasi zinapata nguvu kuliko siku zingine. Ku bariere wanaziuliza. Ku mpaka wanaziuliza. Na hapa ku santre sisi tunauliza fishi ya mtoto. Tena ni wakati uleule ambapo biro zinafungwa, watu wanaogopa kusimama mstari pamoja, na karatasi nyingi zinapitisha siku zake.

Mlione hili wakati wa Korona. Mwaka 2020, tarehe 24 ya mwezi wa tatu, serikali ya Congo ilitangaza hali ya dharura, ikadumu mpaka mwezi wa saba. Katika inchi nyingi za dunia biro zilifungwa. Dereva aliyetaka kufanya upya permi yake alikuta mlango umefungwa. Kule Ulaya, inchi za Umoja wa Ulaya zilipatana hivi: kila permi ambayo siku zake zingeisha kati ya tarehe 1 mwezi wa pili na tarehe 31 mwezi wa nane mwaka 2020, ihesabiwe kuwa nzuri kwa miezi 7 zaidi. Hiyo ilikuwa akili. Dereva wa kamyo inayoleta chakula na dawa hasahau kuendesha kwa sababu tarehe imepita. Ujuzi uko katika mikono yake na macho yake. Karatasi inauonyesha tu.

Sasa mama mmoja akisikia habari hii anaweza kuwaza moyoni: "Kumbe karatasi zinaongezewaka siku! Basi na mimi nitabaki nyumbani na mtoto. Ugonjwa ukipita, nitarudi ku santre, wataendelea na fishi yetu." Ni hapa tunaomba msikie vizuri.

FISHI HAIFANANI NA PERMI

Fishi haimpi mtoto kitu. Sindano ndiyo inampa. Mtoto akizaliwa, anakuja na nguvu kidogo kutoka damu ya mama yake, na nguvu ile inamkinga na surua kwa miezi ya kwanza. Lakini inapunguka kila mwezi. Ni sababu hiyo sindano ya surua imewekwa ku miezi 9: mbele ya hapo nguvu ya mama inaweza kuzuia sindano isifanye kazi vizuri, na kukawia nyuma ya hapo kunamwacha mtoto bila nguvu ya mama na bila nguvu ya sindano. Hakuna mkubwa wa biro, hata awe nani, anayeweza kupiga kashe na kumwongezea mtoto miezi 7.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Kumbukeni mwaka 2018. Tarehe 1 ya mwezi wa nane serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini: Mangina, Beni, baadaye Butembo na Ituri. Ugonjwa ule uliisha tarehe 25 ya mwezi wa sita mwaka 2020, nao uliua watu zaidi ya 2,200. Dunia yote ilikuwa inatazama Ebola. Lakini katika wakati uleule surua ilikuwa inapita katika majimbo yote ya Congo. Kuanzia mwanzo wa mwaka 2019 mpaka mwanzo wa mwaka 2020 tu, waliokufa na surua walipita 6,000, na wengi walikuwa watoto wadogo. Ebola haikuwa na sindano inayotolewa ku kila santre. Surua ilikuwa nayo, na iko nayo hata leo.

Basi kama ugonjwa umeingia katika kijiji chenu, uliza kwanza: santre inafanya kazi siku gani? Mara nyingi wanabadilisha saa, wanaita wamama wachache wachache, wanaweka ndoo ya maji na sabuni ku mlango. Kama hujui, uliza reko wa kijiji. Hapana kukaa tu nyumbani na kuwaza kwamba sindano zimesimama.

"FISHI ILIPOTEA, MAMA MUNGANGA"

Kuna wamama ambao hawaogopi ugonjwa, wanaogopa munganga. Walikimbia usiku, nyumba ikaungua, panya alikula fishi, ao mtoto mkubwa aliipasua. Sasa wanaona haya kurudi. Tusikilize mazungumuzo ya namna hii:

— Mama, mbona huonekanaki? Mutoto eko na miezi ngapi?
— Kumi na moja, mama munganga. Naogopaka tu. Fishi haiko.
— Ilienda wapi?
— Ilibakia ku nyumba siku tulikimbia. Nilisema mutanigombeza, tena mutanilipisha.
— Keti, mama. Mutoto ndiye ulileta, fishi tutaandika ingine. Alipata sindano ya mara ngapi?
— Ku mapaja mara mbili. Ile ya ku mukono, ya siku alizaliwa, alama yake ndiyo hii.

Angalieni mama huyu alivyosaidia. Hakuwa na karatasi, lakini alikuwa na kumbukumbu, na mkono wa mtoto wenyewe ulikuwa na alama ya sindano ya kifua kikuu. Munganga anaweza kutafuta katika kitabu cha santre kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Akikosa kabisa, hatarudisha mtoto nyumbani. Atamtolea sindano zinazokosekana. Mtoto aliyepata sindano ya surua, akipewa tena ingine kwa sababu hakuna alama katika kitabu, haimdhuru. Kukosa ndiko kunaua.

Tena jueni hili, maana wamama wengi wanadanganywa: mtoto aliyechelewa haanzi upya toka mwanzo. Kama alipata ile ya juma 6 na ile ya juma 10, halafu miezi ikapita, atapewa ile iliyobaki tu. Zile mbili hazikupotea katika mwili wake.

Na munganga anayegombeza mama mbele ya watu kwa ajili ya fishi anafanya vibaya. Tunaliandika hapa ili na waganga walisome.

KUKOPESHA KARATASI

Permi ina foto. Ni kwa nini? Ili uso wa mtu ulinde karatasi. Motari akichukua permi ya ndugu yake, polisi atatazama foto na kuona uongo. Fishi ya mtoto haina foto, na watoto wachanga wanafanana. Kwa hiyo inakopeshwa kwa urahisi. Jirani anakuja: "Dada, nipe fishi ya mutoto wako, nipite nayo ku bariere, nitairudisha jioni."

Tuone mwisho wake. Mtoto wa jirani anafikishwa ku santre ingine akiwa na fishi ile. Munganga wa kule anaona ni miezi 9, anamtolea sindano ya surua, anaandika tarehe. Fishi inarudi kwako. Juma lijalo unaleta mtoto wako. Munganga wetu anafungua, anaona surua imeandikwa, anasema: "Vizuri, mama, amekwisha." Mtoto wako anarudi nyumbani bila sindano, na wewe mwenyewe umesahau kutazama. Hakuna mtu aliyekuwa na roho mbaya katika habari hii. Lakini mtoto mmoja amebaki wazi mbele ya surua.

Vilevile na karatasi za kununua sokoni. Kashe ya uongo inaweza kupita ku bariere. Haiwezi kupita ndani ya damu.

Jambo lingine la bariere. Kama mtoto ana homa, usimpe parasetamoli njiani ili mashine isione moto wake. Useme wazi: "Mutoto eko na moto." Labda ni malaria tu, na malaria inatibiwa. Lakini kama ni ugonjwa ule mkubwa, kila saa unayoficha ni saa inayopotea kwa mtoto, na kwa wewe unayembeba mgongoni.

KARTE YA MANJANO

Wamama wanaovuka mpaka kwa biashara, ao wanaosafiri na ndege, wanajua kile kitabu kidogo cha rangi ya manjano, cha sindano ya homa ya manjano. Zamani kilihesabiwa miaka 10, halafu mtu alipaswa kudungwa tena. Toka tarehe 11 ya mwezi wa saba mwaka 2016 sheria ya dunia imebadilika: karte inaanza kuwa nzuri siku 10 nyuma ya sindano, na inadumu maisha yote ya mwenyewe. Hata zile za zamani zilizoandikwa miaka 10 zinahesabiwa hivyo, bila kuandikwa upya. Basi kama mtu ku mpaka anakuambia, "Karte yako imekufa, lipa, nikufanyie ingine," umjibu kwa adabu kwamba sheria ni ya mwaka 2016.

Lakini karte hiyo ina masharti yake. Kila mtu na yake. Mama hawezi kuandika watoto wake ndani ya karte yake. Munganga lazima aweke sinyatiri kwa mkono wake mwenyewe, kashe peke yake haitoshi. Ikifutwa ao ikibadilishwa neno, inaweza kukataliwa. Mtoto asiyejua kuandika, mzazi anamwekea sinyatiri. Na mama asiyejua kuandika anaweka alama yake, mtu mwingine anaandika pembeni kwamba alama ni ya mama huyo. Kutojua kuandika hakumzuizi mtu kuwa na karte.

Walio na ndugu Kinshasa wajue na hili. Mwaka 2016, mwezi wa nane, homa ya manjano ilipoingia toka Angola na dawa ikawa kidogo, watu wengi kule walipewa sehemu moja ya tano ya sindano. Ilikuwa kinga ya kweli kwa kuzima ugonjwa. Lakini kwa safari ya inchi zingine sehemu ile haikuhesabiwa. Msafiri anatakiwa kupata sindano nzima.

FOTO

Karte ya manjano haina foto, kwa hiyo inatembea pamoja na karatasi yenye foto, kama pasiporti. Wakati wa ugonjwa watu wanavaa maske, na wengi wanauliza: nitaivua mbele ya mpiga foto? Ndiyo, utaivua. Foto ya pasiporti inataka uso wazi, toka paji mpaka kidevu, macho yanaonekana, kinywa kimefungwa. Foto yenye maske itarudishwa, na utapanga mstari mara ya pili katikati ya watu. Fanya hivi: ngoja na maske yako, vua tu wakati mashine iko tayari, usiongee, halafu vaa tena. Pale wanapochukua alama za vidole kila mtu anagusa kioo kilekile, kwa hiyo nawa mikono mbele na nyuma.

Mtoto mchanga hakai wima, na mkono wa mama hautakiwi kuonekana katika foto. Mlaze juu ya kitambaa cheupe, mpiga foto asimame juu yake. Toa kofia, toa kitu cha kunyonya. Umnyonyeshe kwanza, la sivyo mtashinda pale.

Tena kuna foto ingine inayofaa kuliko zote, wala hailipiwi. Kama wewe ao baba ana telefone ya foto, piga foto ya fishi ya mtoto, pande zote mbili, mchana, kila mara munganga anapoandika sindano mpya. Foto ile haitapita ku mpaka, lakini siku fishi imeungua itatuonyesha jina, tarehe, na namba ya kutafuta katika kitabu. Fishi yenyewe iwekwe ndani ya sashe safi, mahali unapoweka franga, si juu ya mlango ambapo moshi unapita.

SIKU 90

Hesabu yote hii inaanza na tarehe ya kuzaliwa, na tarehe hiyo iandikwe pia ku biro ya eta sivil. Sheria ya Congo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa siku 90 toka kuzaliwa, na kuandikisha ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, mambo yanaenda ku tribinali, na huko kuna gharama na safari nyingi. Wamama mliozalia hapa, mbele ya kutoka maternite ulizeni karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, msome pamoja na munganga kama jina na tarehe ni sawa, halafu mumpe baba aipeleke. Wale waliozalia nyumbani waje na mtoto siku ya kupima kilo, tutawaonyesha njia ya kuandikisha, hata kama siku 90 zimebaki mbili.